Kikapu cha Mhunzi na Barua Niliyoificha

Juzi mlinialika kwenye maonyesho yenu, mkanikalisha kiti cha mbele na kunipa soda. Halafu yule mwenzenu mwenye nywele za kusokota akaniuliza, "Mzee Melki, unaionaje kazi yetu?" Nikajibu, "Nzuri sana." Ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba niliona wivu. Nilizitazama zile stuli tupu mlizozipanga, kila moja na kikaratasi kinachoeleza kitu gani kilichukuliwa na wakoloni na sasa kimewekwa nchi gani. Nikawatazama watu wanavyosimama mbele ya stuli isiyo na kitu na kunyamaza. Moyo uliniuma. Nimepita miaka sabini, na nilidhani wivu ni kitu cha ujanani, kama chunusi.

Mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya uchoraji katika ofisi ya utamaduni hapa Sumbawanga, enzi za Ujamaa. Naandika, ila msitegemee nipange mambo kwa mwaka na mwezi. Nitaandika lile ambalo sijawahi kuliandika.

Kazi yangu ilikuwa kuchora na kuandika chochote ambacho mkoa ulitaka kionekane: vibao, mabango, mapambo ya jukwaa, picha za wakulima wanaocheka. Wiki yangu ya kwanza niliandika UHURU NA KAZI kwenye ukuta wa ghala, nikaanza kwa herufi kubwa na moyo mkubwa, ukuta ukaisha kabla ya I. Ilibaki UHURU NA KAZ mpaka mvua za mwaka uliofuata. Aliyeniokoa ni Maalim Sudi, aliyekuwa akiandika majina kwenye malori na maduka ya ndugu zake wafanyabiashara pale mjini. Alikuja, akautazama ukuta, akaniambia, "Kijana, hesabu herufi, tafuta ya katikati, anza na hiyo, halafu nenda huku na huku." Mpaka leo sijapata somo la uchoraji lililonisaidia zaidi ya hilo. Yeye pia ndiye aliyenionyesha namna ya kuishi bila rangi, maana rangi ya dukani ilikuwa haionekani: udongo mwekundu unachekechwa kwa kitambaa cha kanga, masizi yanakunwa kwenye chungu, chokaa inalowekwa siku tatu, na vyote vinashikamanishwa kwa uji mwepesi wa muhogo. Msiweke sukari kwenye uji huo. Mimi niliweka, nikidhani utang'aa. Sisimizi walikula uso wa mgeni rasmi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mchoraji pekee wa mkoa, na nilizoea hivyo. Kisha akaletwa Oresta.

Oresta alitoka kijiji cha bondeni upande wa Muze, binti wa mfinyanzi. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa hajui kuchora. Sisemi hivyo kwa wivu, ni kweli: ng'ombe wake alifanana na meza. Afisa Utamaduni alimchukua kwa sababu alikuwa amemwona akifinyanga vyungu kwenye sherehe ya kijiji. Siku ya kwanza aliniamkia vizuri, "Kaka Melki, nimekuja unifundishe." Nikafurahi. Nikamfundisha kushika brashi, kupima ukuta, kuchekecha udongo. Kumbe udongo alikuwa anaujua kuliko mimi. Alichukua rangi yangu kidole kimoja, akailamba, akasema, "Hii ina mchanga mwingi, kaka, itapukutika." Ikapukutika.

Basi ukaja wakati wa maonyesho ya utamaduni ya mkoa. Agizo lilikuwa kuonyesha yale tuliyonyang'anywa na wakoloni. Afisa alitugawia kila mtu sehemu yake ya uwanja. Mimi nilichora ubao wenye urefu wa lori: watu katika minyororo, askari wenye mijeledi, na katikati mkoloni mwenye kofia ngumu na kitambi. Nilifanya kazi mwezi mzima. Kila msuli ulikuwa mahali pake.

Oresta alileta udongo wa kichuguu. Alijenga tanuru la kuyeyushia chuma, lile refu ambalo sisi Wafipa huliita ilungu, kama yale ambayo wazee waliyaacha yakisimama kwenye mashamba ya zamani kabla ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lilizidi urefu wa mtu na nusu. Chini aliacha uwazi ambao mtu angeweza kuinama na kuingiza kichwa. Ukiingiza kichwa uliona kata tu, ile pete ya majani inayowekwa chini ya mzigo, imekaa sakafuni haina kitu juu yake. Wazee walijua maana yake. Kila mhunzi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, ambacho bila hicho hapakuwa na chuma. Vingi vya vikapu hivyo viliondoka na Wazungu.

Nilipoliona likiwa nusu, nilijua. Mchoraji hujua kazi ya mwenzake itakapofika, hata kabla mwenye kazi hajajua. Usiku usingizi haukuja, na mchana nilianza kutafuta kasoro. Nikaipata. Kwa mila zetu, mwanamke haruhusiwi kulisogelea ilungu. Nilichukua baiskeli ya ofisi, nikaendesha nusu siku kwenda kijiji kimoja upande wa Matai, kwa Mzee Kapembwa. Huyo alikuwa wa mwisho niliyemjua ambaye aliwahi kuyeyusha chuma kwa mikono yake. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, nikamwambia kwa sauti ya kusikitika, "Babu, mjini kuna binti anajenga ilungu."

"Binti?"

"Binti, babu. Tena anaingia ndani kabisa."

Alichukua fimbo yake. Siku ya pili yake, wakati uwanja umejaa watu, alishuka kwenye lori la mahindi akiwa na binti yake Leokadia amemshika mkono. Nilijisogeza karibu ili nisikie vizuri.

Mzee alilizunguka lile tanuru mara mbili. Aligonga ukuta wake kwa kidole, akasikiliza. "Nani kajenga?"

"Mimi, babu," Oresta alisema.

"Wewe mwanamke."

"Ndiyo, babu."

"Mlango huu umeuelekeza vibaya. Upepo wa kwetu hautoki huko." Kisha akasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Ilungu linalofanya kazi, mwanamke halisogelei. Hili halifanyi kazi. Hili linalia. Na wanawake ni nani aliwakataza kulia?"

Akaomba kiti. Akakaa mbele ya ule uwazi, akasimulia jinsi kikapu cha baba yake kilivyochukuliwa. Ofisa mmoja wa kikoloni alifika na wapagazi, akasema anataka kukitazama. Akakitazama. Halafu akakiweka juu ya kichwa cha mpagazi. Kapembwa alikuwa kijana anayejifunza kazi, na aliufuata msafara ule mpaka walipomfukuza kwa mawe. Baba yake hakuyeyusha chuma tena.

Watu walilia. Mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akifundisha shule ya sekondari alipiga picha na kuandika kila neno. Ubao wangu ulikuwa nyuma yao, na wote walikuwa wameupa mgongo. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuzungumzia siku ile, naye alisema yule mkoloni anafanana na Afisa wetu kwa kitambi.

Sasa vijana, hapo ndipo ningetakiwa kuona haya na kuacha. Sikuacha.

Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua ya Kiingereza kutoka makumbusho moja ya Ulaya. Barua zote za kitengo chetu zilipitia kwangu kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo na Afisa alikuwa mtu wa kusafiri. Juu ya bahasha waliandika: kwa msanii aliyejenga tanuru. Nikaifungua. Walisema wameiona picha iliyotumwa na yule mwalimu na wamesoma maneno ya mzee. Walikuwa na kikapu kilichotoka Ufipa, hawakujua ni cha nani. Kama mzee angeweza kueleza vitu vilivyokuwamo kabla ya kuonyeshwa, na maelezo yakalingana, wangekirudisha.

Niliisoma mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa natafuta jina langu.

Niliitia katikati ya jalada la kwaya na ngoma, jalada ambalo hakuna aliyelifungua isipokuwa mimi. Nilijiambia nitampa Oresta kesho. Kesho yake Afisa alimsifia mbele ya wageni kutoka Kipili, nikasema nitampa wiki ijayo. Ikawa hivyo. Kila nilipotaka kuitoa, Oresta alifanya jambo jingine zuri.

Leokadia alikuja ofisini. Alikuwa mwanamke wa kama miaka arobaini, mkulima wa ulezi, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Baba anauliza kama barua ya Wazungu imefika. Mwalimu alisema itakuja."

"Haijafika, dada," nikamwambia. Jalada lilikuwa mezani, kiwiko changu kimelala juu yake.

Alikuja tena baada ya mavuno. Safari hii hakukaa. "Baba ameanguka," alisema. "Upande mmoja umekufa na ulimi umekwenda. Nimekuja kuwaambia tu, hata barua ikija sasa, hawezi kusema."

Alipotoka nililifungua lile jalada. Kisha nikaitoa ile barua, nikampelekea Oresta alipokuwa akikanda udongo nyuma ya ofisi. Nikamwambia, "Imechelewa posta." Alifuta mikono, akaitazama, akaigeuza, akanitazama mimi. Kiingereza kilikuwa kinampa shida, nikamsomea. Aliposikia mwisho wake alisema neno moja tu: "Twende."

Tulimkuta mzee amelala kwenye mkeka, mkono wa kushoto tu unafanya kazi. Macho yalikuwa yale yale. Oresta alimweleza habari taratibu kwa Kifipa, na yule mzee akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Oresta, kwa kubahatisha, alianza kufinyanga vitu vidogo, kimoja kimoja, akimwonyesha: Je, ni hiki? Ni hiki? Lakini ukucha na mzizi vikifinyangwa kwa haraka hufanana, na mzee aliusukuma udongo kwa hasira. Oresta alinawa. "Kaka Melki," akasema, "mimi sijui kuchora. Chora wewe."

Na kwa kuwa yaliyomo kwenye kikapu kile hayakuwa ya kuonwa na wanawake, Oresta na Leokadia walitoka nje, wakafunga mlango. Wakaniacha mimi na yule mzee.

Vitu vilivyokuwamo sitawatajia, si vyangu kuvitaja. Nitawaambia namna nilivyofanya kazi, maana hilo litawafaa. Nilichora kitu kimoja kwenye karatasi moja, kwa ukubwa wake halisi, ili mkono wake uweze kukipima. Niliacha vivuli kabisa. Mgonjwa huviona kama madoa. Kila alipokataa, nilimpa kalamu mkononi, naye alikokota mstari mmoja uliopinda, nami nikaufuata mstari ule. Kuna kitu kimoja nilichokichora mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alipiga karatasi kwa kiganja, pa, pa, pa, akacheka kwa upande mmoja wa uso. Tulianza asubuhi, tukamaliza jua limeinama. Saa zote hizo sikuwa na wivu na mtu yeyote. Nawaambieni, ndiyo siku bora ya kazi niliyopata, na nilikuwa nimeiiba.

Oresta aliandika barua ya kusindikiza, Afisa akaipeleka kuandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake Oresta alitaja kwamba michoro ni ya Melkiori, ndiyo mimi. Mzee Kapembwa alizikwa kabla majibu hayajafika.

Majibu yalikuwa mazuri. Kila kilichochorwa kilikuwamo. Ilichukua muda mrefu na barua nyingi kati ya Dar es Salaam na Ulaya, lakini sanduku lilikuja, kwa reli mpaka Kigoma, kwa meli ya ziwa mpaka Kasanga, kisha kwa lori. Likapita Matai, likapita mbele ya nyumba ya Leokadia, likaja mpaka mjini ili wakubwa wakalipokee. Leokadia naye akapanda lori jingine kulifuata. "Limenipita mlangoni," alituambia, "wala halikupunguza mwendo."

Sherehe ilifanyika ukumbini. Kwaya iliimba, hotuba zikasomwa. Afisa alisoma shukrani za makumbusho, na ndani yake waliandika: tunamshukuru msanii Oresta kwa tanuru lake na kwa michoro yake iliyothibitisha kikapu. Watu wakapiga makofi. Oresta alikuwa anainuka kusema kitu, nadhani kurekebisha. Sikumngoja. Nilisimama katikati ya ukumbi nikapaza sauti.

"Michoro ile ni yangu!"

Makofi yalikatika. Afisa alinitazama juu ya miwani.

"Ni kweli," Oresta alisema haraka. "Ni yake."

"Ipo kwenye jalada," nikaendelea, sijui nani alikuwa ananisukuma. "Fungueni jalada muone, nakala ya barua ina jina langu."

Afisa, ambaye alipenda mambo yawe wazi, alilifungua jalada mbele ya watu. Akaanza kusoma tangu barua ya kwanza. "Imeandikwa mwezi wa pili. Imepokelewa ofisini..." Akasita. Akausogeza ule ukurasa karibu na macho. "Mhuri wetu unasema mwezi wa tatu. Sisi tumejibu mwezi wa kumi na moja."

Mhuri nilikuwa nimeugonga mwenyewe, siku ileile ilipofika, kabla sijaisoma. Mkono wa karani hugonga mhuri wenyewe, hauulizi.

Leokadia alisimama kutoka safu ya nyuma. Hakupiga kelele. "Mimi nilikuja mwezi wa sita. Baba alikuwa mzima, anaongea. Uliniambia haijafika."

Ukumbi mzima uligeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wote walikuwa wananitazama mimi.

"Ilikuwa imefika," nikasema. "Niliificha."

"Kwa nini?" Leokadia akauliza.

Nilitafuta sababu yenye heshima, sikuipata. "Kwa sababu haikuwa na jina langu."

Niliwahi kumwona mtu akipigwa hadharani kwa wizi wa kuku. Siku ile nilimwonea wivu hata yeye. Leokadia alipita katikati ya viti. Akaja mpaka mbele, akalitazama sanduku, akajaribu kulinyanyua upande mmoja. Lilikuwa zito, Wazungu walilitengeneza kwa mbao nene. Afisa alianza kueleza kwamba mkoa umeandaa kabati la kioo. Leokadia alimkatiza. "Linakwenda kwanza kaburini kwa baba," alisema. Kisha akanigeukia. "Shika upande huo."

Nikashika. Tulitoka nalo nje, mimi na yeye, hakuna aliyetusaidia, na hakuna aliyetuzuia.

Tulipanda nyuma ya lori watatu, Leokadia, Oresta na mimi, sanduku katikati yetu. Upepo wa uwanda ulikuwa baridi. Tulipokwisha kuuacha mji, nikamwambia Oresta, "Dada, nisamehe. Nilikudanganya kuwa ilichelewa posta."

"Niliuona mhuri," akasema. "Siku ileile uliponipa."

"Ulijua? Muda wote huu?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Alivuta kanga yake mabegani. "Ningesema, ungechora?"

Lori lilishuka, likapanda, vumbi likatufunika, na mashamba ya ulezi yakapita pande zote mbili. Paa za kijiji zilikuwa zinaonekana nilipompa jibu.

"Nisingechora," nikasema.

Oresta aliitikia kwa kichwa. Akasogeza mguu wake kidogo, ili sanduku lipate kukaa vizuri.